Op-ampu isiyogeuza jibu ikizidiwa

Tangi lilikuwa tupu, lakini taa ya "limejaa" ilikuwa inawaka. Nilipanda ngazi nikachungulia ndani: tope tu. Nikashuka, nikaweka mita kwenye LM358, op-ampu (chipu ya kukuza volteji) iliyokuwa ikipokea volteji ya sensa ya tangi. Mguu wa kuingizia ulikuwa volti 0.6 chini ya ethi. Wa kutolea ulikuwa umepanda hadi zaidi ya volti 10, kwenye umeme wa volti 12.

Kadi yenye chipu hiyo ilichangia waya hasi mwembamba na pampu ya pili. Pampu hiyo ikivuta mkondo, ethi ya kadi inapanda, na sifuri ya sensa inaonekana iko chini yake. LM358 haiahidi kitu ingizo likishuka zaidi ya volti 0.3 chini ya ethi. Kwangu iligeuza fezi: ilipotakiwa kutoa sifuri, ikatoa volteji ya juu kabisa.

Tangu siku hiyo, datashiti mpya (karatasi ya maelezo ya chipu) naisoma kuanzia mipaka ya volteji ya ingizo. Kasi na kelele baadaye. Op-ampu ikizidiwa na kukwama upande ule ule, hiyo naivumilia; mzunguko unaweza kupangwa kuzunguka kasoro hiyo. Ikigeuza jibu, mrejesho (tokeo linalorudishwa kwenye ingizo) uliokuwa unatuliza unaanza kusukuma, na rilei, swichi inayoendesha pampu, inatii.

TL072, op-ampu ambayo ingizo lake ni transista za aina ya JFET, nayo ina tabia hii. Ikiendeshwa kwa volti 15 chanya na 15 hasi, ingizo lake limedhaminiwa hadi hasi 11 tu. Likishuka kuikaribia reli hasi (upande hasi wa umeme wake), kiungo cha geti na dreini, ncha mbili za JFET, kinaanza kupitisha mkondo, na ishara inapita moja kwa moja bila kugeuzwa inavyopaswa. Wanaoiunga kwenye betri ya volti 9 wawe makini sana, maana nafasi ni finyu.

Ukitaka JFET, OPA134 imeundwa isigeuze fezi. Kwa umeme wa upande mmoja (chanya na ethi tu) mimi nachagua LT1013, ambayo tokeo lake haligeuki hata ingizo likifika volti 1.5 chini ya ethi. Ni ghali kuliko LM358, na kwa kinachosimamia pampu nailipia bila kusita. Ya DIP (umbo la kuchomeka) yenye miguu 8 inaingia kwenye soketi ile ile. Ya SO8 (umbo dogo la kulehemu juu ya kadi) miguu yake imepangwa tofauti, usiibadilishe kwa mazoea.

Kwenye lile tangi niliweka LT1013, nikaivutia kadi waya wake hasi hadi kwenye betri. Kisha nikashusha ingizo kwa makusudi hadi volti 1 chini ya ethi. Tokeo likabaki chini.