Kuuliza "huko watu hulala?" kabla ya kuchagua chuo si ushamba

Juzi mtoto wa kaka yangu alikuja barazani kwetu hapa Langoni, Amu, yaani kisiwani Lamu, simu mkononi, ukurasa wa KUCCPS, wale wanaowapangia wanafunzi vyuo, uko wazi, ataka kujaza vyuo. Hakuanza na karo. Aliniuliza, "Ami, huko chuoni watu hulala?" Vijana waliokuwepo wakamcheka, wakamwambia aache ushamba.

Hao vijana wana hoja, tusiwadhulumu. Alama za klasta, yaani za yale masomo kozi inayoyataka, ndizo zinaamua, na kozi kama udaktari haiko kila chuo, sasa ukianza kufuta vyuo kwa sababu ya mabashi, hizo sherehe za usiku, unaweza kujinyima kozi uliyoisotea miaka minne. Wanasema pia sherehe hailazimishwi mtu, funga mlango ulale.

Lakini mlango gani huo? Hosteli za vyuo vya umma hazitoshi, wengi hupanga nje, kwenye zile bedsita, nyumba za chumba kimoja, zilizobanana karibu na geti, na huko hakuna mtu wa kuja kusema zimeni mziki. Spika ya jirani inapiga besi mpaka maji yanatetemeka kwenye jagi, saa tisa usiku bado, na asubuhi una mtihani. Mtoto wa Nairobi atakimbilia kwao wikendi. Wa Amu atakimbilia wapi, mpaka apande basi kutwa nzima halafu boti kutoka Mokowe?

Na kuna jambo linanisumbua sana. Sheria ya vileo ya 2010 inataka baa iwe angalau mita 300 kutoka shuleni, na wengi wetu tunadhani inamlinda kila mwanafunzi, kumbe inataja taasisi za walio chini ya miaka 18. Mita 300 ni dakika nne hivi kwa miguu. Yaani mwezi Novemba mtoto anafanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, amewekewa zile dakika nne, mwaka unaofuata yuko chuoni, ametimiza 18, na baa inaweza kuwa mkabala wa geti lake na hakuna aliyevunja sheria hiyo. Sasa akiuliza mwenyewe kuhusu usiku wa huko, tunamcheka?

Kwa kozi inayofundishwa vyuo vingi, kama ualimu, sioni kosa kabisa usiku ukaamua. Ila asidhani mji mdogo ndio dawa, Kilifi nayo ina mabaa na watalii wake. Na akijifungia sana atakuwa mpweke, hilo nalo naliogopa, bora atafute mapema wenzake wanaopenda utulivu, wapo, na jumuiya ya wanafunzi Waislamu ni pa kuanzia.

Basi ameweka ualimu, Chuo Kikuu cha Pwani mbele. Mamake ana binamu yake Kilifi, amempigia amuangalizie rumu, nami nimesema asiende mchana, aende Ijumaa baada ya isha, asimame nje ya hiyo nyumba asikilize.