Seva Iko Wima, Fundi Ndiye Kapinduka

Kabla hamjaendelea kuirusha kwenye magrupu ile picha yangu nimeinama chumba cha seva, kichwa katikati ya magoti, nisikilizeni. Sikuwa nasujudu, wala sikuangusha pete. Nilikuwa nasoma skrini.

Chumba cha seva ni chembamba, kwa hiyo skrini imefungwa ubavu kando ya raki (fremu inayobeba seva), sehemu yake ya juu ikielekea kulia. Herufi zote zimelala. Mashine ni Debian, aina mojawapo ya Linux, na kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux huzungusha konsoli, yaani skrini ya maandishi matupu, bila kuwasha upya: unaandika namba tu kwenye `/sys/class/graphics/fbcon/rotate_all`. 0 ni kawaida, 1 ni robo mzunguko kufuata saa, 2 kichwa chini, 3 robo kinyume cha saa. Bingwa nikaingia root (mtumiaji mwenye mamlaka yote), nikaweka 1, nikapiga `exit` kwa mbwembwe, nikarudi mtumiaji wa kawaida.

Wenye akili mmeshaona. Skrini yenyewe ilishazunguka robo kufuata saa; nikaiongezea robo nyingine upande uleule. Maandishi yakasimama miguu juu.

Sasa twende polepole. Kishale cha kuandikia kinapepesa chini kulia. Naandika, herufi zinatembea kwenda kushoto, mstari ukijaa unapanda juu. Nikageuza mgongo, nikainama, nikachungulia katikati ya magoti, mkono mmoja nyuma ukipapasa kibodi. `sudo echo 3 >` na ile njia ndefu yote; `sudo` ndiyo amri ya kuazima mamlaka ya root. *Permission denied.* Nikarudia, kwa hasira zaidi. *Permission denied*, na hata nenosiri haikuniuliza!

(Mnaocheka, jibuni: nani hufungua faili lililo baada ya `>`? Si sudo. Ni bash yako, programu inayopokea amri unazoandika, kwa haki zako za kawaida. Inakataliwa mlangoni, sudo haijaitwa hata kazini.)

Hapo ndipo mama mhasibu mkuu akaingia, na nyuma yake yule jamaa yenu mpiga picha, simu mkononi.

"Shikamoo, mama," nikasema kutoka magotini.

"Marahaba. Mwanangu, umepoteza nini?"

"Namba tatu, mama."

Mengine mafupi. `echo 3 | sudo tee /sys/class/graphics/fbcon/rotate_all`, ikakaa wima: safari hii anayefungua faili ni `tee`, aliyeitwa na sudo. Ukiwasha upya hiyo hupotea, basi weka `fbcon=rotate:3` ndani ya `GRUB_CMDLINE_LINUX` kwenye `/etc/default/grub` (mipangilio ya GRUB, programu inayoamsha kerneli), kisha `update-grub`. Fonti nayo: upana sasa ni pikseli 1080, kwa hiyo herufi za 16x32 (upana kwa urefu, kwa pikseli) zinakupa herufi 67 tu kwa mstari, na kila mstari wa logi (kumbukumbu za mashine) unakatika; 8x16 inakupa 135. Ibadilishe kwa `dpkg-reconfigure console-setup`.

Na msiniulize kwa nini sikuingia kwa ssh, njia ya kuingia kwenye seva kutoka kompyuta nyingine, ambayo mzunguko huu hauigusi kabisa. Laptop ilikuwepo. Ndani ya begi. Begi ndilo lililozuia mlango usijifunge.

Menyu ya GRUB bado imelala, maana fbcon, inayochora na kuzungusha konsoli, ni ya kerneli na hapo kerneli haijaamka. Atakayeiwasha usiku apinde shingo tu, asiiname.