Umeme Uko Hewani, Mimi Niko Gizani

Juzi usiku mita ya umeme iliyoko ukutani kwangu ilimaliza uniti zake bila kuaga, feni ikazunguka mara mbili tatu za adabu kisha ikanyamaza, nami nikabaki sebuleni katika joto la Februari la Dar es Salaam nikiwa na singlendi iliyolowa na simu yenye chaji ya asilimia 4. Nakiri mapema kwamba kosa lilikuwa langu, kwa kuwa mita hiyo ilikuwa ikilia tangu asubuhi kama kifaranga aliyepotelewa na mama yake, na Mama Salma alinikumbusha mara tatu. Lakini mtu mzima aliyekaa gizani hahitaji kukumbushwa kwamba alikumbushwa.

Kilichonikera zaidi ya giza ni mpwa wangu, mwanafunzi wa fizikia aliyefikia kwetu, ambaye badala ya kunipepea kwa gazeti alivuta kiti karibu na kuniambia kwa sauti ya mleta habari njema, "Mjomba, umeme haujaisha. Umekuzunguka pande zote, ila hujaanza kuuvuna."

Alianza na unyevu. Alisema kwamba mwaka 2020, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts kilichoko Amherst, Marekani, Jun Yao na Derek Lovley pamoja na wenzao walitangaza kifaa chenye utando wa nyuzinyuzi za protini zinazotengenezwa na bakteria, utando wenye unene wa maikromita 7, yaani kama sehemu ya kumi ya unene wa unywele, ambao ukiwekewa elektrodi, yaani vipande vya kupitishia umeme, juu na chini hunyonya mvuke wa maji kutoka hewani na kutoa umeme wa kama nusu volti, usiku na mchana, bila kungoja jua wala upepo. Mwaka 2023 timu ya Yao ikaeleza kwamba hata hiyo protini si lazima, kwani karibu kitu chochote kinafaa mradi kiwe na vitundu visivyofikia upana wa nanomita 100, na nanomita moja ni sehemu ya bilioni ya mita. Molekuli za maji zinapopenya humo hugonga kingo na kuacha chaji, upande wa juu ukipokea nyingi kuliko wa chini, kama wingu linavyojilimbikizia umeme kabla ya radi.

Unyevu! Unyevu wa mji huu umegandisha chumvi yangu ndani ya kichupa hadi tunaichimba kwa msumari, umeuvimbisha mlango wa chumbani usifungike tangu masika ya mwaka juzi, na umeviotesha ukungu wa kijani viatu vyangu vya harusi ambavyo nilikuwa nikivitunzia harusi ya Salma, na sasa naambiwa kwamba mharibifu huyo miaka yote alikuwa mtambo wa kuzalisha umeme. Nilimwonyesha singlendi yangu, ambayo kwa upande wa vitundu haina mshindani mtaani kwetu. Akanijibu kwa heshima zote kwamba vitundu vyangu vimezidi kipimo.

Nikasema basi tuvune joto, maana hilo ninalo la kugawa bure. Hapo nilipata pigo la pili, kwa sababu alinieleza kwamba kinachozaa umeme si joto lenyewe bali tofauti ya joto kati ya upande mmoja na mwingine, jambo ambalo mwanafizikia Thomas Seebeck aliligundua tangu mwaka 1821. Mwili wangu una nyuzi 37, sebule ilikuwa imekaribia kuufikia, na tofauti iliyobaki ilikuwa ndogo kiasi cha kutotosha hata kuona haya. Kwa hiyo mtu wa nchi ya baridi, mwenye mwili wa moto katikati ya theluji, angeufaidi utaalamu huu kuliko mimi ninayeivishwa pande zote kwa usawa.

Tukahamia kwenye kutikisika, nikawa na matumaini mapya, kwa sababu daladala ninayoipanda kila alfajiri hunitikisa hadi ninasahau kituo. Kuna madini yaitwayo molibdenamu disalfaidi, yale yale yanayochanganywa katika grisi nyeusi ya mafundi magari, ambayo yakichambuliwa hadi tabaka moja huwa na unene wa atomi tatu tu. Mwaka 2014 timu za watafiti Zhong Lin Wang na James Hone zilionyesha kwamba tabaka hilo likikunjwa hutoa umeme, ila idadi ya tabaka iwe witiri: moja hutoa, mawili yanafutana na hayatoi chochote. Mama Salma, aliyekuwa kimya muda wote, aliguna gizani. Sikumwuliza anaguna nini. Umeme wenyewe ulikuwa milivolti 15, na kama kila shimo la barabara yetu lingenipa kiasi hicho, bado ningefika kazini na kiuno kibovu na simu iliyozima.

Hata msuguano una wenyewe. Wang huyo huyo na wenzake walitengeneza mwaka 2012 jenereta ya kugusanisha na kuachanisha tando nyembamba, kama nguo ya nailoni inavyocheka cheche unapoivua, ila unyevu mwingi wa hewa huipunguzia nguvu sana. Yaani unyevu unaomzalishia Yao umeme ndio unaomnyang'anya Wang, na kwangu unaozesha viatu tu.

Mwisho akataja Wi-Fi ya jirani, ambayo nenosiri lake linalindwa kuliko hati ya kiwanja. Mwaka 2019 watafiti wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, walitengeneza antena yenye madini hayo hayo ya grisi, inayogeuza mawimbi ya Wi-Fi kuwa umeme wa takriban maikrowati 40, yaani sehemu 40 za milioni za wati moja, bila kuhitaji nenosiri. Nilisimama. Nikamwambia apige hesabu ya simu yangu. Akaichukua simu hiyo hiyo, akawasha mwanga wote, akafungua kikokotoo, akanitangazia kwamba betri yangu ina kama wati-saa 19, na kwamba kwa maikrowati 40 itajaa baada ya miaka 54. Vifaa kama hivyo, akasema, vimekusudiwa vihisio vidogo vidogo na si simu za wajomba. Nina miaka 52. Simu ilikuwa imeshuka hadi asilimia 1.

Nikampokonya, nikanunua uniti haraka, na ujumbe ukaingia na tarakimu zake 20. Mama Salma alikuwa ameshapanda juu ya kiti mbele ya mita, nami nikamsomea nne za kwanza, nne za pili, nne za tatu, nne za nne, kisha mwanga wa kioo ukajikunja na kupotea.

"Endelea, Baba Salma," akasema kutoka juu ya kiti, kidole kikiwa tayari kwenye kitufe.