Rimoti ya Jirani

Jana usiku mpira umefika dakika ya 88, moja kwa moja, mara runinga yangu ikarukia tamthilia. Sijagusa kitu. Ni jirani wa ploti ya pili, amekaa kwake, anabonyeza rimoti yake dirishani kwake, na yangu inatii. Hata sikupaza sauti. Nilinyoosha mkono nje nikamgusa bega. "Jirani, rudisha." Akarudisha. Bao limeshaingia, wachezaji wanakumbatiana.

Na mimi, waungwana, ndiye mjumbe. Mwakilishi wa Wapangaji kwenye kamati ya kuishauri kaunti juu ya sheria ndogo za ujenzi. Barua ninayo, ina muhuri. Nimeitia kwenye karatasi ya nailoni kwa sababu ya choo cha mtu wa juu.

Tulikuwa tukijengewa kwa kanuni za 1968, baba yangu akiwa bado na kaptura. Mpya za kitaifa zilichapishwa 2024, zikaanza kazi Machi 2025, na sasa kaunti inataka zake zisigongane nazo. Katiba ya 2010 nayo inasema umma uulizwe. Umma ndio mimi. Wengine ni mhandisi, msanifu majengo, bwana wa zimamoto, na dada wa kiti cha magurudumu, ambaye tulimbeba na kiti chake hadi ghorofa ya tatu, lifti ikiwa imekufa, ili apande kutushauri kuhusu lifti.

Na mwakilishi wa wenye nyumba. Mwenye nyumba wangu. Ananidai miezi miwili.

Tukafika kifungu cha mwanga na hewa. Mwenyekiti akasema, "Mheshimiwa Mpangaji." Nikasimama, nikafunga kifungo cha koti.

"Bwana Mwenyekiti, mimi dirisha ninalo. Kinachokosekana ni nje."

Mwenye nyumba akavua miwani polepole. "Mwenyekiti, mwenzangu dirisha analijua vizuri. Kila tarehe tano nikibisha hodi, huwa amejibanza nyuma ya pazia lake."

Kikao kikaangua kicheko. Dada wa kiti naye, niliyembeba kwa mgongo huu!

Nikasema kati ya ploti na ploti hapazidi mkono mmoja. Mwenye nyumba akasema futi sita. Mhandisi, mtu wa vipimo, akatoa tepu mfukoni: basi tuupime mkono wa mjumbe. Nikavua koti. Nikanyoosha mkono kama askari wa barabarani, kwapa wazi mbele ya kamati nzima, karani anaandika: sentimita 72. Mwenye nyumba akapinga, eti nimevuta bega. Tukapima tena. 71.

Hapo bwana wa zimamoto, ambaye tangu asubuhi alikuwa akishughulika na mandazi tu, akauliza, "Na ngazi yangu ipite wapi?"

"Moto ukiwaka," mwenye nyumba akasema, "watarukia kwa jirani."

Yule bwana akaweka andazi chini. Akaomba kalamu. Nafasi baina ya majengo ikaingia kwenye mapendekezo kwa maneno yake, si yangu. Mimi nimo kwenye kumbukumbu kama "sm 71".

Wakati wa chai mwenye nyumba akanimiminia kikombe. "Kunywa, mheshimiwa. Ya mwezi huu lini?"

Sasa hayo ni mapendekezo, kaunti ikitaka itayachukua, isipotaka itafungia vitumbua. Lakini jamani, Huruma, Nairobi, Aprili 2016, usiku wa mvua, jengo lilianguka na watu karibu hamsini wakafa, na lilikuwa limeshaamriwa libomolewe! Amri ilikuwepo! Watu walikuwa wamelala! Nani alikwenda kugonga mlango siku ile, mbona wa kodi hakosi kamwe, hata Jumapili, hata—

Basi. Tokeni zenyewe za umeme zinakwisha.

Leo nimebandika karatasi nyeusi kwenye jicho la runinga. Rimoti ya jirani imeshindwa. Yangu pia. Nimeinuka mara nne kupunguza sauti, na ya nne nikasikia kutoka ng'ambo:

"Jirani, mbona unapunguza? Tunafuatilia taarifa ya habari."