Mgeni kutoka London

Kwanza kabisa, sikuenda matangani kufuata nyama. Hilo rafiki yangu Mkorofi amelisambaza kwenye kundi la darasa letu tangu Jumamosi jioni, kwa ujumbe wa sauti, dakika tatu nzima, anacheka mpaka anakohoa. Sasa hata watu ambao hatujasalimiana tangu karatasi ya mwisho ya mtihani wa KCSE wananiandikia "pole kwa msiba, London". Basi niseme mwenyewe. Nyama nilikula, ndiyo. Lakini nilikula baadaye, na nilikula kwa majonzi.

Mnajua nilikuwa nangoja chuo. KUCCPS, wale wa kupangia watu vyuo, walinipangia Chuo Kikuu cha Maseno, kuripoti ni Septemba, na miezi yote hiyo nimekuwa nikiuza misumari na rangi kwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Free Area, Nakuru. Nikaweka akiba ya 4,500. Mpango ulikuwa wiki moja Kisumu, kwa Mkorofi, Kondele: samaki Dunga, jua likizama Hippo Point, siku moja Kit Mikayi kuliangalia lile jiwe, halafu niende Maseno kwenyewe nisimame kwenye ikweta, mguu mmoja kaskazini na mmoja kusini, nipigwe picha kama mzungu. Niliyaandika yote kwenye daftari. Hakuna ukurasa ulioandikwa "mazishi".

Ijumaa usiku nikafika steji, makanga wanaitisha 1,200 mpaka Kisumu. Mimi bajeti yangu 700. Nikajiona mjanja. Nikavuka hadi kwenye kituo cha petroli kando ya barabara kuu, pale mabasi yanayotoka Nairobi husimama watu wakajisaidie. Nikakuta basi moja kubwa, injini inanguruma, akina mama wamejifunga leso wanapanda. Nikamuuliza mzee aliyekuwa mlangoni, "Kisumu?"

"Tunapita," akasema.

Naomba mlikumbuke hilo neno. Mzee hakusema uongo. Walipita.

Dalili zilikuwepo, msidhani sikuziona. Kwenye kioo cha pembeni kulikuwa na kitambaa chekundu. Nikadhani dereva ni shabiki wa Arsenal. Ndani watu walikuwa wakiimba nyimbo za kanisa taratibu; nikasema afadhali hizi kuliko muziki wa matatu. Kisha akaja mama mmoja mwenye daftari na tochi.

"Mwanangu, unaenda kwa Dani?"

Mimi ni mtu wa Nakuru. Sisi tuna mtaa unaitwa Kwa Rhonda. Kwa nini Kisumu wasiwe na kwa Dani? Nikasema ndiyo mama, huko huko. Nikampa 700, nikamwambia ndizo nilizo nazo. Akazipokea kwa mikono miwili, akasema, "Mungu akubariki sana." Hebu nisaidieni: tangu mzaliwe, kuna makanga amewahi kuwabariki? Hapo ndipo mtu mwenye akili angeshuka. Mimi nilifurahi kwamba nimepunguziwa nauli.

"Umetoka wapi?" akauliza, kalamu mkononi.

"London."

Kwa wasiojua, London ni mtaa. Uko Nakuru, chini ya Menengai, jirani na jaa la Gioto. Upepo ukivuma vibaya unajua hauko Uingereza. Lakini mama wa watu alikuwa ametoka Nairobi na hakuwa na sababu ya kuijua London yetu. Akaandika. Begi langu likatupwa kwenye buti, nikaenda kiti cha nyuma, nikajifunika kofia ya sweta. Baridi ya Mau Summit ikanikuta nimeshalala. Kericho sikuiona. Ahero sikuiona. Kisumu, mji niliouwekea akiba miezi mitano, niliupita nikikoroma.

Nilichoamshwa nacho ni mashimo ya barabara ya vumbi, na vilio. Si kilio kimoja, vilio, vinavyokuja mbio kutoka nje kulilaki basi. Nikachungulia. Kumepambazuka. Mahema meupe, viti vya plastiki, moshi wa kuni, sufuria za ukubwa wa kuogea mtoto. Wanaume sita walikuwa wamefungua buti, wanatoa jeneza. Nyuma ya jeneza wakatoa begi langu.

Yaani nilikuwa nimesafiri na marehemu zaidi ya kilomita 200, na begi langu lililala ubavuni mwake usiku kucha, na hatukuwa tumejuana.

Tulikuwa ndani ndani huko Yala. Simu imezima. Najua mnachotaka kuuliza: si ungetafuta bodaboda uende zako? Nilijaribu. Boda zote zilikuwa zinaleta watu, hakuna inayotoka, na mfukoni nilikuwa nalinda hela zangu za Dunga. Nikiwa nahangaika, mama mmoja akanishika mkono, "Oyawore, nyathina" (habari ya asubuhi, mwanangu), akanikalisha, akanipa chai ya maziwa na mandazi mawili. Sasa niambieni. Ukishakunywa chai ya matanga, unaamkaje uende? Na yule mama wa daftari (nilishajua kumbe ni mweka hazina) akaniambia basi litarudi Kisumu saa kumi, baada ya kuzika. Nikasema sawa. Nitakaa hema la nyuma, nitainamisha kichwa watu wakiinamisha, saa kumi naondoka. Nani atajua?

Ibada ilikuwa kwa Dholuo. Mimi Dholuo yangu inaishia kwa "ber" na "erokamano". Lakini neno moja nililishika, kwa sababu kila aliyesimama alilisema: Dani. Dani hivi, Dani vile. Wengine wanalisema wanafuta machozi. Nikafanya hesabu yangu kimya kimya. Danny. Daniel. Mzee Daniel. Kumbe kwa Dani ni kwa huyu marehemu. Nikajiona nimefumbua fumbo.

Vikaratasi vya programu vyenye picha viliisha kabla ya kufika hema letu. Picha kubwa ya fremu ilikuwa juu ya jeneza, lakini ilielekea hema la familia. Sisi wa nyuma tuliona ubao wake tu. Na walipoita watu wapange mstari wamuage marehemu, mimi, ambaye naogopa maiti kuliko ninavyoogopa mkopo wa chuo wa HELB kuchelewa, nilienda kujificha nyuma ya tangi la maji. Kwa hiyo nafasi ya kujua ukweli nilipewa. Niliikimbia kwa miguu yangu miwili.

Sasa tufike hapo.

Saa saba hivi, emsii akaanza kusoma michango. Jenereta inanguruma nyuma ya jiko. Kuku mmoja anadonoa karibu na jeneza, na hakuna anayemfukuza. Mimi kiti changu kimezama mguu mmoja ardhini, nimekaa upande kama ngalawa. Emsii anasoma kwa Kiswahili kwa ajili ya wageni: kanisa, elfu thelathini. Wakwe, elfu ishirini na ng'ombe. Wajukuu wa Nairobi, elfu arobaini na tano. Watu wanapiga makofi. Kisha akanyamaza. Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena. Akalisogeza daftari karibu na pua.

"London," akasema. Hema zima likatulia. "Tuna mgeni kutoka London." Mnong'ono ukapita mahema yote manne. "London ametoa..." Akamtazama mweka hazina. Mweka hazina akatikisa kichwa kwamba ndivyo. "Mia saba."

Mzee aliyekuwa kando yangu akamwambia mwenzake, kwa huruma kabisa, "Uingereza mambo ni magumu siku hizi."

"London asimame tumwone! Aje atusalimie!"

Nilitazama nyuma, kama kwamba London yuko nyuma yangu. Nyuma yangu kulikuwa na mgomba. Yule mama wa mandazi akanisukuma mgongoni kwa upendo. Kutoka hema la nyuma mpaka kwenye maiki ni hatua labda thelathini. Nilizitembea zote. Kuku akanipisha. Maiki ilikuwa na unyevu wa mate ya watu kumi na wawili. Nikasema Bwana Yesu asifiwe. Wakaitikia, watu kama mia tatu.

"Mimi natoka London," nikasema, "London ya Nakuru, karibu na Gioto."

Wakacheka. Jamani, wakacheka vizuri! Hata emsii. Na hapo ndipo ningeshukuru, nirudishe maiki, nikae. Lakini mtu akichekewa na umati mara ya kwanza maishani, anadhani amezaliwa na kipawa. Nikaishika maiki kwa mikono miwili.

Kiswahili kilinibeba mwanzoni. Alikuwa mkarimu. Alipenda watu. Alichukia ugomvi. Lugha hii haina haja ya kujua kama marehemu alifuga ndevu au alisuka nywele. Ningebaki humo humo kwenye "a-" ningefika salama. Wazee wanaitikia kwa vichwa. Mama mmoja mbele anasema "ni kweli, ni kweli". Nikanogewa.

"Mzee Danny," nikasema, "alikuwa mwanamume kwelikweli."

Kimya.

Nilidhani ni kimya cha kuguswa. Nikakiongeza.

"Alitufundisha sisi vijana wa kiume. Sote tuige ule uanaume wake."

Jenereta. Kuku. Halafu kutoka hema la familia, sauti ya mtoto mdogo, mmoja wa hao wajukuu wa Nairobi, Kiswahili safi:

"Mama, kwani Dani alikuwa mwanaume?"

Mzee mmoja mrefu mwenye koti jeusi, kifungua mimba wa marehemu, nilikuja kujua, alisimama. Hakukasirika. Akatembea polepole mpaka kwenye jeneza, akaishika fremu pande zote mbili, akaigeuza.

Bibi. Bibi wa miaka 89, kitambaa cheupe cha kanisani kichwani, ananitazama kama mwalimu aliyekukuta unanakili. Dani, kwa Dholuo, ni nyanya. Nyanya! Asubuhi nzima watu walikuwa wanamlilia nyanya yao, mimi nawasikia wanamwita Daniel.

Maiki ingali mdomoni. Watu mia tatu wananingoja. Na hapa ndipo akili yangu, ile iliyopita KCSE, ile ambayo serikali imeiona inafaa kupelekwa chuo kikuu, ilinipa sentensi moja tu ya kujiokoa.

"Na pia," nikasema, "alikuwa mama."

Aliyeanza kucheka ni mdogo wake marehemu, bibi mwenyewe wa miaka themanini na kitu, mpaka kitambaa kikamwanguka. Wakafuata mabinti. Emsii aligeuka akaegemea nguzo ya hema, mabega yanatikisika. Pasta alijifunika uso kwa Biblia. Kijana mmoja alikuwa amesimama juu ya kiti anarekodi, na ndiyo hiyo video mliyoiona, kwa hiyo msiniulize tena kama ni mimi. Ni mimi. Sweta ni yangu.

Yaliyobaki ni haraka. Tulizika. Nilishika sepetu, sikuweza kukataa. Nilipewa sahani ya ugali na nyama, na kila aliyepita aliniamkua "Mzee Danny". Nikaazima chaja, nikampigia Mkorofi, akapanda matatu mpaka Yala eti kuja kuniokoa. Huyo anayewaambia nilifuata nyama alikula sahani mbili na akafungiwa nyingine kwenye mfuko. Kisumu tulifika usiku. Dunga sijaenda, Kit Mikayi sijaiona, naona aibu hata kununua mandazi hapa Kondele. Mama yangu alipiga jana. Alisema hivi tu: "Si uliniambia unaenda kuangalia viboko?"

Halafu kuna jambo ambalo sikulifikiria mpaka nilipokuwa kwenye matatu ya kurudi, tulipopita kibao cha ikweta. Kutoka kwa Dani mpaka chuo nilichopangiwa hata nusu saa haifiki kwa gari. Yule kijana wa kurekodi anasoma hapo hapo, mwaka wa pili. Ameniambia nisijali kuhusu chumba, wenzake wote wananingoja.

Leo asubuhi mweka hazina ameniingiza kwenye kundi jipya: shukrani ya Dani, Desemba. Kuna orodha ya ahadi. Namba 14: "London, 5,000." Mimi sijaahidi chochote. Nimeangalia nani aliyeandika, na ni namba ya Mkorofi.