Sheha na Karani Wanataka Ukuta

Mie sikuomba kobe. Nataka hilo lieleweke kabla sijaanza kulalamika, maana pale barazani wananizungumza kana kwamba niliwaota usiku, nikaamka nikenda kuwanunua.

Shemeji yangu kapata kazi Maskati. Watu wakisafiri hugawa vitu: huyu feni, yule jokofu, jirani kapata godoro zima la sita kwa sita. Sisi ndugu tukaachiwa kobe wawili ndani ya beseni la kufulia. "Shemeji, hawa hawana gharama, majani tu na kijua." Maneno hayo yamenitoa pesa kuliko mahari ya dada yake.

Watoto wakampa mkubwa jina la Sheha, yaani kiongozi wa serikali mtaani, kwa kuwa anazunguka uwanja mdogo mdogo, anasimama kila mlango, shingo juu, anakagua. Sheha wetu wa kweli namheshimu, na jina si mie niliyelitoa. Mdogo akawa Karani, kazi yake kufuata nyuma.

Aliyesema kobe ana mwendo wa pole hajafuga kobe. Kobe ana mwendo wa pole ukimtazama. Geuka umimine chai tu, ukirudi hakuna kobe. Siku moja Sheha kaingia chuo cha Qurani kwa jirani, watoto wako katikati ya kusoma. Nusu ya darasa likaruka likipiga kelele, nusu nyengine likalala tumbo kumtazama vizuri. Maalim kaja kwangu na kobe mikononi, kamshikilia mbali na kanzu yake, na kobe naye akachagua wakati ule ule kukojoa. Kobe akinyanyuliwa ndivyo anavyofanya, ndiyo silaha yake. Maalim hakuwa katika hali ya kuelezwa.

Ule msemo kwamba ukimwona kobe kainama ujue anatunga sheria, sasa naujua kwa macho. Sheria yenyewe ina kifungu kimoja: kutoka nje.

Basi ikaamuliwa ujengwe uzio. Imeamuliwa na nani? Mama watoto, mkwe wangu, maalim na baraza nzima. Mie niliarifiwa. Nyumba yangu mwenyewe hapa Fuoni nondo zimechomoza juu zinangoja ghorofa tangu hawa watoto hawajazaliwa, chumba cha pili hakijaona plasta, na mlango wa choo ni khanga. Lakini kiumbe aliyeumbwa na nyumba mgongoni, huyo ndiye wa kujengewa.

Jirani akaleta waya wa kuku, bure. Kobe ukimwekea waya anaona majani ng'ambo ya pili, na kwa akili yake panapoonekana ndipo panapopitika. Karani kutwa nzima kasukuma tundu lile lile, pua imechubuka, wala hachoki. Kitu kisichoonekana upande wa pili hakimshughulishi, anageuka na kuendelea na mambo yake. Kwa hiyo waya ukarudi kwa wenyewe na ikawa ni matofali. Ya saruji. Tunazungumza hela sasa.

Na si ukuta wa juu tu. Kobe anachimba, zile kucha za mbele hakupewa za pambo, kwa hivyo ukuta uzame chini kiasi cha sentimita 30 kabla haujaanza kupanda. Fundi nilipomwambia achimbe msingi alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo.

"Sheikh, msingi wa kobe?"

"Wa kobe."

"Na ghorofa yao lini?"

Nikamwambia chimba, fundi, muda unakwenda. Kachimba, upande mmoja mtaimbo ukagonga jiwe mapema, akasimama kunitazama kwa furaha: hapa hata kobe hapiti, tuache. Upande wa mpapai udongo laini, tukazama kama kawaida, na huko ndiko alikolipisha.

Kisha tukagombana kuhusu pembe. Kobe akifika penye pembe anaegemea kuta mbili, mguu huku, mguu kule, anapanda. Hutaamini mpaka umwone Sheha kasimama wima, tumbo nje, anahema. Na akianguka huanguka chali, akibaki hivyo juani ndio mwisho wake. Dawa yake pembe ziwe za mviringo, na juu ya ukuta ndani patoke ukingo wa kumzuia. Fundi akaona nimemtukana. Miaka yake yote kafundishwa pembe iwe sawa sawa, timazi mkononi, pima maji mfukoni, leo mtu mzima anamwambia apindishe. Kaipindisha, lakini kila mpita njia alimwambia, "Hii si mie, ni mwenyewe kataka."

Wapita njia ndio msiba wa kujenga Unguja. Ukichimba kaburi watu wanapita kimya. Ukijenga kitu cha kobe, kila mtu ni mhandisi. Mmoja kasema toboa gamba, tia mnyororo, mfunge kwenye mpapai. Gamba lile, bwana, ni mbavu na uti wa mgongo wake, lina hisia, unalitoboa na yeye anajua. Nikamuuliza kama yeye tumtoboe wapi. Mwengine akashauri dimbwi la kina, eti ndiko kwao, kaona Nungwi wanaogelea pale Mnarani kwenye bwawa la maji ya bahari. Wale ni kasa! Kasa ana mapezi, huyu ana miguu ya tembo mdogo, ukimtupa majini anazama. Wangu nimewafukilia sahani ya udongo, maji hayapiti kidevu, basi. Na kwa masika ya huku kwetu, penye uwanja hugeuka ziwa, nikalazimika kuinua pembe moja kwa kifusi ili wapate pa kukimbilia. Mie mwenyewe chumbani maji yakiingia nakimbilia kitandani.

Mzee mmoja pale barazani aliwahi kufanya kazi za boti za kisiwa cha Changuu, huyo ndiye aliyenitisha kweli. Kule, anasema, kobe wa kwanza waliletwa 1919 kutoka Shelisheli, wanne, zawadi ya gavana wa Kiingereza. Kufika 1955 wakawa kiasi cha 200. Halafu wezi wakawaingilia, wakawauza, mpaka 1996 wakahesabiwa saba. Saba! Na wale ni wale wakubwa wa Aldabra, dume lao linapita kilo 200, unamwiba vipi bila ya mtu kuona? Ikabidi wazungushiwe ua. Jela ya kisiwa kile ilijengwa 1893 na hata mfungwa mmoja hakutiwa, ikaja kuwa karantini. Waliokuja kufungiwa ni kobe. Mzee alicheka peke yake. Mie nilikwenda kununua kufuli.

Kufuli la nini, uzio hauna mlango? Ndiyo maana nikanunua na mlango.

Mchanga nao nauacha, nikiusema presha inapanda. Ya kwao yalikuwa mahitaji ya kawaida tu: kona moja iwe na mchanga laini wa kina, maana jike hufukia mayai. Kama kuna jike hatujui. Fundi kawageuza tumbo juu, akasema dume tumbo lake limebonyea ndani, ili asianguke akipanda. La Sheha limebonyea. La Karani fundi kaangalia, kaangalia tena, kasema, "Huyu bado mdogo, hajajijua."

Halafu kunguru. Hawa walioletwa na Waingereza mwishoni mwa karne ya 19 waje kula takataka za mji, mpaka leo mkataba wao haujaisha. Kobe mdogo kwao ni kitoweo. Nikapata nyavu chakavu kwa wavuvi, nikaifunga juu upande anaolala Karani, na upande mwengine kibanda cha makuti, kwa sababu jua wanalitaka asubuhi na mchana hawalitaki. Hata wao wana utaratibu. Darajani sokoni naomba mifupa ya dome, yule jamaa yake ngisi, wale wauza samaki wanaitupa, kobe wanaitafuna kwa ajili ya chokaa ya gamba. Kila nikienda wananiuliza, "Leo pia ni kwa ajili ya Sheha?" na watu wote wanageuka.

Mkwe wangu peke yake ndiye hajakubali. Majani na maua tu, namwambia, wali hapana. Anasema mgeni hapewi majani. Sheha kamjua, akisikia kandambili zake anakuja mbio.

Sasa uzio umekwisha. Ukuta una sentimita 45 kutoka ardhini, ukingo wake mpana, laini, hauna pembe ya kuchoma mtu, uko chini ya kivuli cha mpapai na mwembe wa jirani. Nani aliyekuwa hajui kitatokea nini? Baraza imehama. Baada ya alasiri wamekaa pande zote nne, bao limewekwa juu ya mlango wangu wenye kufuli, mama watoto anapika kahawa ya watu ambao mie sijawaalika, na kobe wamejificha kwenye makuti kwa kelele. Jana wakanituma mtu, kwa heshima kabisa, kuniuliza ukuta nitaupaka chokaa lini, kwa kuwa saruji inachafua kanzu.