Yaive Kidogo

Kwa miaka 18 nimejipatia riziki kwa kusahihisha maandishi ya watu wengine. Mtu akiandika "umati mkubwa wa watu wengi", mimi ndiye ninayefuta "wengi", kisha nikabaki nikiutazama ule "mkubwa" kwa jicho la kutaka kuufuta nao. Nalitaja jambo hili mapema ili msomaji aelewe kwamba mtu aliyeitwa jikoni asubuhi ile, mbele ya wateja wote, kwa sababu ya mayai mawili ya kukaanga, hakuwa mtu asiyejua kujieleza. Alikuwa mtu anayelipwa mshahara kwa kujieleza.

Nilikuwa nimeandamana na shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo, mtu wa maneno machache ambaye huniita "mwalimu" kwa sauti ambayo mpaka leo sijathibitisha kama ni ya heshima au ya utani. Tuliingia mkahawani saa mbili asubuhi tukiwa na njaa ya kweli. Mhudumu, kijana mpole mwenye kidaftari cha ukubwa wa kiganja, alianza na shemeji.

"Mayai," shemeji akasema.

"Yapikweje?"

"Yaive."

Akarudi kwenye simu yake. Agizo zima lilikuwa na maneno mawili, nami nikamwonea huruma, kama ninavyomwonea huruma mwandishi anayewasilisha insha isiyo na kivumishi hata kimoja.

"Na wewe, mzee?"

Nina miaka 43. Nikalimeza lile "mzee", nikajiweka sawa kitini.

Ninachokitaka katika yai la kukaanga si siri, wala sidhani kuwa ni anasa. Nataka ute uwe umeshikana wote, pamoja na ule mzito unaokizunguka kiini, lakini kiini chenyewe kibaki cha majimaji, kitiririke taratibu kinapochomwa kwa ncha ya mkate. Nataka yai lisigeuzwe, na kingo zake zisikauke zikawa kahawia. Kwa kuwa sina jambo dogo nisiloweza kulisomea, niliwahi kusoma kwamba ute huanza kuganda kwenye joto la nyuzi 62 hivi za Selsiasi, ilhali kiini huanza kuwa kizito kwenye nyuzi 65 na huacha kutiririka kinapokaribia nyuzi 70. Maana yake ni kwamba furaha yangu ya asubuhi imejengwa kwenye kiwanja chenye upana wa nyuzi chache tu, juu ya kikaango ambacho joto lake ni zaidi ya mara mbili ya hizo. Nilijua haya yote, na bado nikaamini kwamba sentensi nzuri ingetosha.

"Naomba mayai mawili ya kukaanga, yasiyogeuzwa, ambayo ute wake umeiva kabisa lakini viini vyake havijaiva sana."

Niliridhika nayo. Ilikuwa na mpangilio, ilikuwa na kinyume chake ndani yake, na kirejeshi kilikaa mahali pake. Hata hivyo niliona kwamba kalamu ya kijana iligusa karatasi kwa muda mfupi mno kulinganisha na maneno niliyoyatoa. Baadaye nilikiona kikaratasi kile kwa macho yangu. Kilisomeka hivi: "2 yasiive."

Sahani zikaja pamoja. Mayai ya shemeji yalikuwa yameiva. Yangu yalikuwa yameganda pembeni tu. Katikati, ule ute mzito ulikivisha kiini kama kamasi, na kila shemeji alipoweka kikombe mezani, ulitetemeka. Nilijaribu kuuzunguka kwa mkate, nikala pembeni kote mpaka nikabakiwa na visiwa viwili katikati ya ziwa, halafu nikakata tamaa nikanyanyua mkono.

Hapa ndipo nilipotenda kosa ambalo, kama ningelikuta kwenye kazi ya mtu mwingine, ningelizungushia wino mwekundu. Nilimwambia mhudumu, kwa sauti ya upole na tabasamu, "Tafadhali mwambie mpishi, naomba yaive kidogo."

Neno "kidogo" lina hila. Mtu anayeomba maji kidogo anataka machache, lakini anayekuomba usogee kidogo anataka usogee zaidi ya hapo ulipo. Anayesema amechoka kidogo huwa anakaribia kuzimia, na fundi anayesema kazi imebaki kidogo hajaianza. Mimi nilikuwa na maana ya kusogea: yaive zaidi, kwa kiasi kidogo. Jikoni walisikia habari ya maji: yaive, lakini kidogo tu. Na kwa kuwa mpishi alikuwa ameniletea mayai ambayo kwa maoni yake hayakuiva, akahitimisha kwamba mteja wa meza ya dirishani amelalamika kuwa yameiva kupita kiasi.

Mayai ya pili yalikuwa yamesikia habari za moto kwa mbali. Ute ulikuwa ungali ukipitisha mwanga, na kupitia kwake niliweza kusoma maua yaliyochorwa kwenye sahani. Shemeji aliinama akayachungulia, akasema, "Mwalimu, haya bado yana nafasi ya kuwa kifaranga," kisha akaendelea kula.

Nilipokuwa nikiyatazama nilijikuta nikitafakari, badala ya kukasirika, jinsi dunia nzima ilivyojitahidi kulipa yai hili jina na kuishia kutaja sura yake tu. Wajerumani huliita yai la kioo. Waindonesia huliita jicho la ng'ombe, na Wajapani huliita jicho la kukaanga. Yote ni majina mazuri, ila hakuna hata moja linalomwambia mpishi ni lini aondoe kikaango motoni. Wamarekani walau wamejaribu: yai lisilogeuzwa wamelipa jina linalotaja jua, na lile linalogeuzwa wameligawa katika ngazi tatu, kuanzia kiini cha majimaji hadi kiini kigumu, kwa hiyo mteja huchagua ngazi yake kama anayechagua ghorofa kwenye lifti. Mimi sikuwa na lifti. Nilikuwa na kijana mmoja mpole na kidaftari.

Nikamwita tena. Safari hii niliapa kutotumia neno lolote la kiasi: si "kidogo", si "sana", si "kiasi". Nikatafuta kitenzi kimoja safi ambacho hakingeweza kupotoka njiani.

"Ndugu yangu," nikamwambia, "mwambie mpishi ageuze upishi."

Msomaji amekwisha kuona kilichofuata. Mimi sikukiona. Nilikuwa na maana kwamba abadilishe namna yake ya kupika, na lugha inaniruhusu kabisa kusema hivyo. Ningeweza kuitetea sentensi ile mbele ya jopo lolote. Lakini kidaftari kiliandika "geuza", na jikoni, neno "geuza" karibu na neno "yai" lina maana moja tu tangu kikaango kilipobuniwa.

Mayai ya tatu yalifika yakiwa yamelala kifudifudi. Yalikuwa yamegeuzwa, yakakandamizwa kwa mwiko ili pasiwe na shaka, yakaachwa hapo mpaka hasira za mtu fulani zilipopoa. Yalikuwa na rangi ya soli ya kiatu na kingo zilizotoboka. Nilichoma kiini kwa uma, uma ukasimama wima wenyewe, na nilipouachia haukuanguka.

"Sasa haya yameiva," shemeji akasema, kwa sauti ya mtu aliyetosheka kwa niaba yangu.

Nilisema sentensi moja zaidi. Sikuipanga, haikuwa na mpangilio wala kirejeshi, na sikukusudia ifike popote. Nilisema, "Hivi kukaanga yai ni kazi ngumu kiasi hicho?"

Katika yote niliyoyatamka asubuhi ile, hiyo ndiyo sentensi pekee iliyofika jikoni bila kupungua hata silabi.

Kijana alirudi akiwa mikono mitupu, akisimama mbali kidogo na meza. "Mzee," akasema, "mama anakuita jikoni."

Mpishi alikuwa mama wa makamo, mfupi, aliyejifunga kitambaa kichwani na kusimama mbele ya vikaango vinne vilivyokuwa vikinguruma kwa wakati mmoja. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Karibu, mwanangu," akasema, na kwa hatua 20 kutoka mezani nikawa nimeshuka kutoka uzee hadi utoto. Akanivisha aproni. Akanionyesha msumari ukutani ulikochomekwa vikaratasi vya maagizo, akavichomoa vyangu vitatu, akavipanga mbele yangu kama shahidi anayepanga vielelezo: "2 yasiive." "Yaive kidogo." "Geuza."

"Kipi nilichokosea?" akauliza.

Nilivisoma mara mbili, kwa jicho la kazi. Kusema kweli mpishi hakukosea hata kimoja. Alikuwa ametekeleza maandishi kama yalivyo, jambo ambalo nimekuwa nikiwasihi watu walifanye kwa miaka 18.

"Kukaanga yai si kazi ngumu," mama akaendelea, akinikabidhi mwiko. "Kaanga."

Akaniwekea kikaango chenye mafuta, mayai mawili na kifuniko, akarudi kwenye vikaango vyake vitatu vilivyobaki, ila akawa ananieleza mambo bila kunitazama. Aliniambia kwamba yai bichi lina ute wa namna mbili: mwepesi unaokimbilia pembeni na kuiva mara moja, na mzito unaokikumbatia kiini na kuchelewa kuliko vyote, na kwamba yai likiwa bado jipya, huo mzito husimama kama kilima, ndiyo maana mayai yangu ya kwanza yalitetemeka. Ukifunika kikaango, mvuke huuivisha huo mzito kutoka juu bila haja ya kugeuza. Ukichelewa kufunua, kiini nacho kinaingia utando mweupe na kuanza kuwa kigumu. Na hata ukiepua kwa wakati, yai linaendelea kuiva lenyewe juu ya sahani ya moto huku mhudumu akitafuta meza. "Kwa hiyo mimi huepua kabla," akasema, "halafu namwombea kijana asikutane na mtu wa kusalimiana naye njiani." Wapo, akaongeza, wanaotaka kiini kigumu kama jiwe kwa kuogopa vijidudu, na hao hawamsumbui kabisa, wanaomsumbua ni wa katikati, wenye kutaka laini lakini si laini ile.

Nilisikiliza yote hayo kwa makini, na makini hayo ndiyo yaliyoniponza. Yai la kwanza nililigonga kwenye ukingo wa kikaango kwa nguvu ya mtu anayetaka kuonekana mzoefu. Kiini kilipasuka hewani. Nusu yake iliangukia ndani, nusu ikateremka ubavuni mwa kikaango kwa nje kuelekea motoni, ikatoa moshi wenye harufu ya nywele zinazoungua. Kijana mhudumu, ambaye alikuwa amesimama mlangoni kwa sababu zake mwenyewe, akageuza uso kwa adabu.

La pili lilitua zima. Nitalikumbuka daima: kiini cha duara kamili, cha rangi ya machungwa, katikati kabisa. Nikalifunika, nikaanza kuhesabu kimyakimya, na nilipofika 30 mama akaniuliza kazi yangu ni nini. Nikamweleza. Nilieleza kwa kirefu, kwa sababu sijui kueleza kwa kifupi, na nilikuwa nimefikia suala la matumizi ya nukta-mkato nilipokumbuka kifuniko. Nilikishika kwa mkono mtupu. Kilikuwa cha moto kuliko nilivyotarajia, nikakiachia, kikatua juu ya yai kwa ubavu wake na kukikata kiini katikati. Hakikutiririka. Kilikuwa kigumu.

Mama akaja, akatazama: upande mmoja rojo la manjano lenye vipande viwili vya ganda, upande wa pili yai lililokatwa kama kwa panga. Akachukua kalamu na kikaratasi.

"Haya tuyaandikeje?"

"Yaandikwe hivyo hivyo," nikasema. "Ndivyo nilivyoagiza."

Akacheka mara ya kwanza tangu niingie, akayahamishia kwenye sahani, akanipa niyapeleke mwenyewe, kwa kuwa kijana alikuwa amepewa meza nyingine. Nikatoka jikoni nikiwa nimeyashika kwa mikono miwili, nikitazama chini ili nisigongane macho na shemeji, ambaye nilikuwa nikimsikia akicheka tangu mlangoni. Nilikuwa nimebakiza meza mbili kufika nilipotambua kwamba bado nimevaa aproni, na nilitambua kwa sababu mzee mmoja aliyeketi na gazeti alininyooshea kidole.

"Mpishi! Na mimi niletee mawili. Ila angalia, yasiive sana."

Nikasimama. Nikaweka sahani yangu pembeni ya gazeti lake, nikatoa kalamu mfukoni.

"Shikamoo, mzee," nikasema. "Sana kiasi gani?"